Otomatiki mteremkoni: maswali yenu

Fundi, nashuka Ngorongoro na Prado ya otomatiki. Rafiki anasema otomatiki haishiki mteremkoni. Kweli?

Inashika, ila si kama manyo (gari la gia za mkono). Kwenye manyo, klachi hufunga injini na giaboksi pamoja. Otomatiki ina tokikonveta inayopitisha nguvu kwa mafuta, na injini ikizunguka taratibu, sehemu ya nguvu hiyo hupotea. Ukiacha mpini wa gia kwenye D (ya kwenda mbele kawaida), gari litapanda gia lenyewe na mwendo utakuzidi. Basi amua mwendo ukiwa bado juu: simama kabisa, weka N (nyutro), ingiza L4 (gia nzito za magurudumu manne), kisha mpini uende L (gia ya chini kabisa), au gia ya 1 kama lako lina S (ya kuchagua gia mwenyewe). L4 hupunguza mwendo karibu mara mbili na nusu. Toa mguu kwenye mafuta, uiache injini ilishike gari. Likianza kukimbia, kanyaga breki, punguza mwendo, achia. Kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta ni kama mita 600 za kwenda chini. Ukizing'ang'ania breki njia nzima, joto lote hilo linaingia kwenye pedi na diski.

RAV4 yangu haina L4. Nifanyeje?

Ingiza L mapema. Kuzima O/D (gia ya juu ya mwendo kasi) peke yake hakutoshi. Breki zitafanya kazi zaidi, kwa hiyo zipumzishe. Ukisikia harufu ya kuungua au pedeli ikalegea, simama mahali salama zipoe, na tafadhali usimwagie maji diski za moto.

Kitufe cha DAC, kile cha kusaidia kushuka mteremko, kinatosha?

Kinasaidia sana, hasa njia ikiwa na makorongo, maana hubana breki ya kila gurudumu peke yake. Land Rover walikuwa na mfumo kama huo kwenye Freelander tangu 1997. Lakini kinachobana ni breki zilezile, nazo huchemka. Kiwashe ukiwa tayari kwenye gia nzito.

Lushoto, udongo ukilowa, nyuma ya gari huja ubavuni. Nikanyage breki?

Hapana dada, achia! Tairi lililofungwa na breki halifuati usukani. Elekeza magurudumu ya mbele kule mteremko unakokwenda, ongeza mafuta kidogo sana mpaka tairi zishike, kisha rudisha mguu. Najua mguu utakataa. Jizoeze kwenye kilima kifupi chenye uwanja wazi chini.

Nikishuka na nyutro, si naokoa mafuta?

Huokoi. Gari la injeksheni likishuka ndani ya gia hukata mafuta lenyewe. Kwenye nyutro linaendelea kuyanywa ili injini isizime. Na ikizima, usukani unakuwa mzito, na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.