Uzamili wa sanaa za ufundi: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii, za Unguja na za Pemba, zina hamu moja: kusoma shahada ya uzamili ya uchoraji, ufinyanzi au uchongaji. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Nachora kwenye duka la mtaa wa Gizenga na nina stashahada ya chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Naweza kuomba uzamili moja kwa moja?

Hapana, mwanangu, na anayekuahidi kinyume chake usimpe hata shilingi. Utaanza na shahada ya kwanza. Baadhi ya vyuo havilazimishi iwe ya uchoraji, wanachotaka ni kuona mkono wako na fikra zako.

Na hapo ndipo pa kusema nawe. Picha ulizonitumia zina mkono mzuri: jahazi na machweo, Wamasai warefu, mlango wa Mji Mkongwe. Lakini duka la jirani yako nalo lina hizo hizo, wala sikulaumu, watoto lazima wale. Mtalii ananunua anachokitambua, kamati ya chuo inatafuta ambacho haijakiona. Moja tu ilinisimamisha, ile ya bibi anayechambua karafuu: makonyo huku, karafuu kule, uso haumo kabisa, ni vidole tu na jamvi. Hiyo umeichora bila kumfikiria mteja. Fuata njia hiyo mpaka upate kumi na tano au ishirini zinazozungumza pamoja, kisha tuonane tena. Za jahazi endelea kuuza.

Mimi ni mwalimu wa skuli, Wete. Nataka kufundisha chuo kikuu. Nisome MA au MFA?

Mwalimu, inategemea utafundisha wapi. MA ni uzamili wa kutafiti na kuandika zaidi, MFA ni uzamili wa studio, wa kutengeneza kazi zenyewe. Marekani MFA huchukua miaka miwili au mitatu, na kwao ndiyo kilele cha msanii: mtu hupata uprofesa wa uchoraji kwa hiyo, bila uzamivu. Kwetu ngazi ni nyengine. Uzamili unakuingiza kama Mhadhiri Msaidizi, na kuwa Mhadhiri kunataka uzamivu, yaani PhD. Matangazo ya kazi ya vyuo vyetu huomba pia wastani wa alama (GPA) wa 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kwa hiyo itazame cheti chako kabla ya kutazama ramani. Kama nia ni kufundisha hapa nyumbani, MA yenye tasnifu itakupeleka kwenye uzamivu kwa urahisi zaidi.

Wapi? Mimi ningeanza na Kampala. Skuli ya sanaa ya Makerere, yenye jina la Margaret Trowell aliyeianzisha mwaka 1937, ndiyo iliyomlea mchoraji Sam Ntiro wa Kilimanjaro, na Elias Jengo, aliyekuja kufundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipita huko huko. Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, nacho kina uzamili wa fani hii. Ukitaka kuandika juu ya ukili wa Pemba au nakshi za milango, mtafute msimamizi ambaye hutatumia mwaka mzima kumweleza kuwa hicho ni kitu cha kusomwa.

Wala uzamili si lazima uwe wa kushika brashi. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 akakulia Uingereza, alisoma kwanza usanifu wa jukwaa la tamthilia, kisha uzamili wa historia ya utamaduni katika chuo cha sanaa cha Royal College of Art, London. Mwaka 2017 alishinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, kwa uchoraji wake.

Pesa zitatoka wapi?

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ni mlango wa kwanza, ila kumbuka jina lake: mkopo unalipwa. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unagharamia uzamili wa mwaka mmoja, unataka uwe umefanya kazi walau miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka miwili. Ufadhili wa Fulbright ni wa Marekani. Huko pia uliza chuo chenyewe, kwani baadhi huwasamehe wanafunzi ada na kuwalipa posho kwa kusaidia kufundisha.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada. Watu husikia hilo wakafunga begi. Ubalozi utataka uthibitisho wa fedha za kujikimu, karibu yuro 12,000 kwa mwaka, na bila mfadhili hapo ndipo safari nyingi zinapokwamia.

Baba anasema kuchora ni kupoteza umri, na tena ni haramu.

Fatwa si kazi yangu, mwanangu. Muulize sheikhe mnayemwamini nyote wawili. Ila sanaa si sura za watu tu: ipo khati, ipo nakshi, upo ufumaji. Siku moja mchukue mzee mtembee Mji Mkongwe, mzisome pamoja aya zilizochongwa juu ya milango. Suala la ajira ni zito zaidi, na hapo baba ana haki ya kuuliza. Mpelekee jibu lenye mshahara ndani yake.

Picha za kazi zangu zinatoka na mng'aro. Na turubai niliyoichora nikitakiwa kuipeleka, niifungeje?

Usitumie mwanga wa simu. Itoe kazi barazani asubuhi, kivulini, iegemee ukuta, na kamera iwe usawa wa katikati ya picha. Ukuta na vidole vyako viondoe kwenye picha, kisha andika vipimo, mwaka na ulichotumia.

Turubai iliyokauka barabara izungushwe kama mkeka, upande wa rangi ukiwa nje. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda, kumbe rangi ikiwa ndani inabanwa na kufanya makunyanzi. Izungushie bomba pana, funika kwa karatasi isiyo na asidi, na usiiache imefungwa kwenye nailoni wakati wa masika, itaota ukungu kabla hujafika bandarini.