Nyumba Yetu: kengele ya kaboni monoksidi

Baridi ya Juni na Julai imeleta barua nyingi za jiko la mkaa ndani ya nyumba na vile vikengele vyeupe vya betri vinavyouzwa sasa madukani. Barua zinazofanana tumezijibu pamoja.

Wahariri, hamjambo? Huku kwetu usiku tunaingiza jiko chumbani mkaa ukishakolea na moshi umekwisha. Kijana wangu ameniletea kikengele cha kushika hewa ya mkaa. Siku ya kwanza tu kililia kabla ya nusu saa kupita, na moshi haukuwepo kabisa. Nimeuziwa kibovu? — Mama, Njombe

Hatujambo, mama. Kikengele ni kizima, wala hakitafuti moshi. Mkaa hautoi moshi kwa sababu maji na utomvu wa kuni viliishia tanurini, lakini kaboni monoksidi, gesi yenye sumu ambayo ndiyo kikengele hushika, inatoka kwa wingi. Hewa inapopanda katikati ya makaa mekundu, kaboni dioksidi iliyotengenezwa chini hukutana na kaboni ya moto juu yake na kugeuka kaboni monoksidi. Ule mwali wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika na makaa kufunikwa jivu, gesi haiungui tena, inaingia chumbani kama ilivyo. Kwa hiyo jiko lililofifia alfajiri si salama kuliko la jioni.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana hata kiasi kidogo, kikivutwa kwa saa kadhaa, kinadhuru. Kengele imetengenezwa kwa kufuata hesabu hiyo ya kiasi na muda. Zile zenye alama EN 50291, kiwango cha Ulaya cha kengele hizi, hazilii kwenye 30 ppm kabla ya dakika 120 kupita. Kwenye 50 hulia kati ya dakika 60 na 90. Kwenye 100, kati ya dakika 10 na 40. Kwenye 300, ndani ya dakika 3. (Hiyo ppm ni chembe za gesi katika chembe milioni za hewa.) Yako ikilia kabla ya nusu saa, basi hewa ya chumba ilishapita 50, na huenda ilikuwa 100 au zaidi, nanyi mlikuwa mnajiandaa kulala humo kwa muda wa saa nane.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi, maana upepo ukigeuka unarudisha ndani kile ulichokuwa unatoa. Jiko likae nje, kitandani iingie chupa ya maji ya moto na blanketi la pili. Kengele haimpi mtu ruhusa ya kulala na jiko.

Nimefungiwa hita ya maji ya gesi bafuni. Fundi amesema kengele iwekwe karibu na sakafu kwa kuwa gesi huteremka chini. Ni kweli? — Msomaji, Nairobi

Fundi amechanganya gesi mbili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na kifaa cha kuishika kinafungwa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Kaboni monoksidi ni nyepesi kidogo kuliko hewa, huchanganyika nayo, na ikitoka kwenye moto hupanda na joto. Kengele ya moja haishiki nyingine. Mtungi unaweza kuvuja mpaka chumba kijae na kengele ya kaboni monoksidi isiseme neno.

Kabla ya kengele, tazama hita yenyewe. Hita inayovuta hewa ya bafuni na kumwaga moshi humohumo haifai kuwa bafuni, hata kama dirisha lipo. Ifungwe nje ukutani, au iwe ya aina iliyofungwa kabisa, yenye bomba la kuingiza hewa na kutoa moshi nje. Mwali uwe wa buluu uliotulia. Ukiwa wa manjano, au masizi meusi yakionekana juu ya hita, izime na umwite fundi wa gesi; hewa haitoshi au matundu ya kichomeo yameziba.

Sasa mahali pa kengele. Kwenye chumba chenye chombo kinachochoma kitu, iwe umbali wa mita 1 hadi 3 kutoka kwenye chombo hicho. Ukiifunga ukutani, iwe juu kuliko usawa wa milango na madirisha, lakini isipungue sentimita 15 kutoka darini. Ukiifunga darini, iwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani, kwa kuwa kwenye kona hewa hukwama. Chumba cha kulala ni habari nyingine: huko iwe usawa wa kichwa cha aliyelala, maana unachotaka kujua ni hewa anayovuta. Usiiweke ndani ya kabati, nyuma ya pazia, kando ya dirisha au feni, juu ya sinki, wala juu ya jiko lenyewe. Bafuni kwenye mvuke pia hapana, kwa kuwa unyevu huharibu kihisio, yaani sehemu ya kengele inayoishika gesi. Kwa nyumba yako tungefunga moja kwenye korido nje ya mlango wa bafu na nyingine chumba cha kulala kilicho karibu. Ukiwa na pesa ya moja tu, anza na chumba cha kulala.

Kuifunga si kazi ya siku. Shikilia bamba la nyuma ukutani, weka alama mbili kwa penseli, toboa kwa biti inayolingana na plagi za plastiki zilizomo kwenye boksi (mara nyingi milimita 5 au 6), gonga plagi, kaza skrubu. Kengele yenyewe iwe mbali wakati wa kutoboa. Vumbi la saruji likiingia kwenye matundu yake umeipunguzia maisha. Darini, kama ni bodi ya jipsamu, tafuta ubao wa nyuma yake au tumia plagi za jipsamu, maana za kawaida zitachomoka. Mwisho vuta kile kikaratasi cha plastiki kinachozuia betri. Kusahau hicho ndiko kunakofanya kengele nyingi mpya "zisifanye kazi".

Ikilia usiku tufanye nini kwanza? — Msomaji, Arusha

Tokeni nje wote, kisha hesabianeni. Mkipita, fungueni milango na mzime moto kama uko njiani, lakini asirudi mtu ndani kwa ajili ya jiko au simu. Tanzania piga 114 kwa Zimamoto. Kenya, 999 au 112.

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu hufanana sana na malaria inayoanza. Dalili mbili husaidia kutofautisha: sumu hii haileti homa, na huwapata wengi wa nyumba moja kwa wakati mmoja, kisha hupungua wakitoka nje. Mkifika hospitali semeni waziwazi kwamba jiko lilikuwa ndani. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu yenye kaboni monoksidi na yenye oksijeni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 mgonjwa akiwa hoi. Tiba ni oksijeni safi kwa barakoa: kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 6 kutoka mwilini, kwa oksijeni safi ni saa moja na kitu. Mjamzito apelekwe hata kama anajiona mzima.

Kengele yangu hulia mchana tu, jua likiwa kali. Hatutumii mkaa, tunapika kwa umeme wa sola. — Msomaji, Mwanza

Swali hili limetufurahisha. Mara ya kwanza ilipolia ulipaswa kutoka nje na kumtafuta jirani mwenye jenereta au jiko karibu na dirisha lako. Tunaamini ulifanya hivyo. Kama hakuna, angalia betri za sola. Betri za risasi na asidi zinapochajiwa hutoa hidrojeni, na kihisio cha kengele hizi huipokea hidrojeni kana kwamba ni kaboni monoksidi. Jua kali maana yake chaji kubwa, ndiyo maana hulia mchana. Pima kwa mita: betri ya volti 12 ikikaa muda mrefu juu ya volti 14.4 hivi, huenda kidhibiti chaji kimewekwa vibaya au betri imechoka. Zihamishie kwenye chumba chenye tundu la hewa juu kabisa ya ukuta, kwa kuwa hidrojeni hupanda, na ikijikusanya hulipuka kwa cheche moja. Betri za lithiamu hazina tabia hii. Harufu ya rangi mbichi, spiriti na dawa za kupuliza nazo huweza kuichokoza kengele.

Nimenunua ya mtumba. Inatoa "pii" moja kila baada ya dakika moja hivi, nami nimebadilisha betri. — Msomaji, Mombasa

Basi imekwisha. Hatari halisi kwa kawaida husikika kama milio minne ya haraka, kimya, minne tena. "Pii" moja moja ni betri dhaifu au kihisio kilichofika mwisho. Kihisio huanza kuzeeka tangu kiwandani, hata kikiwa ndani ya boksi, na huishi miaka 5 hadi 10 kulingana na aina. Tarehe iko mgongoni. Kununua ya mtumba ni kununua miaka aliyokwisha kuitumia mwingine.

Kitufe cha majaribio hupima betri, spika na saketi. Hakipimi kihisio. Usiipeleke kwenye ekzosi ya gari kuijaribu. Unaweza kuiua pale pale. Ukinunua mpya, tafuta EN 50291. Yenye UL 2034 ya Marekani ni halali pia, ila ni mvumilivu zaidi: kwenye 70 ppm inaruhusiwa kungoja saa 1 hadi 4. Isiyo na alama yoyote, hata ikiwa na kioo cha namba za kupendeza, iache dukani.

Nimepanga nyumba Leicester, kuna boila ya gesi. Mwenye nyumba anasema kengele ni juu yangu. — Msomaji, Uingereza

Si kweli. Tangu 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba England lazima aweke kengele kwenye kila chumba kinachokaliwa chenye chombo kisichohamishika kinachochoma mafuta, kuni au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia, na aitengeneze au kuibadilisha ukimwarifu kuwa ni mbovu. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo, na akipuuza nenda kwa halmashauri ya mji. Boila nayo aikaguishe kila mwaka, nawe upewe nakala ya cheti. Simu ya dharura ya gesi ni 0800 111 999, usiku na mchana.