Nyumba ya bei nafuu karibu na mto: anza na maji, bima baadaye

Mkuu, umesema umepata nyumba Tegeta, Dar es Salaam, kwa bei iliyo chini ya soko, mita 40 kutoka mtoni, na wakala wa bima amekuhakikishia kuwa ada ni ndogo, kwa hiyo mafuriko yasikutishe. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana hilo la "bima ipo" ndilo lililoniponza mimi.

Nyumba yangu iko Mbezi, kwenye kabonde ambako wakati wa kiangazi huwezi hata kukagundua. Aprili 2018, baada ya mvua za mfululizo, maji hayakuingilia mlangoni. Yalianzia chooni. Shimo la maji taka lilijaa, yakarudi kupitia bomba, na nilipoteremka kitandani nikakuta ndala zinaelea. Haikupita nusu saa yakawa usawa wa soketi. Asubuhi yalipopungua yaliacha mstari wa tope ukutani, umenyooka kama umepigwa kwa rula, na vyeti vya watoto kwenye droo ya chini vilikuwa vimegandana kama tofali.

Bima nilikuwa nayo, ile ambayo benki inakutaka ukate unapokopa. Kumbe ilikatwa kwa kiasi cha mkopo, milioni 60, wakati kuijenga upya nyumba ile kungegharimu milioni 100. Hakuna aliyenieleza kwamba ukiikatia mali bima pungufu ya thamani yake, na fidia nayo inapunguzwa kwa uwiano huohuo. Jengo lilikadiriwa kuharibika kwa milioni 12. Wakahesabu asilimia 60, ikawa milioni 7.2, wakapunguza asilimia 10 ambayo mkataba wangu ulitaka niibebe mwenyewe. Mkononi ikafika milioni 6.48. Friji, makochi na magodoro sikulipwa hata shilingi, kwa sababu bima ilikuwa ya jengo peke yake.

Ndiyo maana nasema ada isikushughulishe sana. Mwaka 2023 nilikata bima ya milioni 120 kwa asilimia 0.2, yaani shilingi 240,000, na VAT ya asilimia 18 ikafika 283,200. Kwa siku haifiki shilingi 800. Kinachotakiwa kukukosesha usingizi ni maandishi. Bima nyingi za nyumba hapa kwetu msingi wake ni moto, na mafuriko yanaongezwa kama kipengele. Mwambie wakala akuoneshe neno hilo kwenye mkataba wenyewe. Muulize kama maji yanayorudi kupitia mabomba yanahesabika, na kama vyombo vya ndani vimo. Akikujibu kwa mdomo tu, bado hajakujibu. Na uhakikishe amesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania.

Lakini kwa nyumba hiyo yako kuna jambo zito zaidi. Mto Tegeta, kama Mto Mbezi, hauishii kufurika, unakula kingo. Watu wanachimba mchanga mtoni, kingo zinakosa pa kuegemea, mvua kubwa ikipiga udongo unameguka na ukuta unafuata. Bima ya jengo haikurudishii kiwanja kilichoondoka na mto. Halafu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita zako 40 ziko ndani ya katazo hilo. Unakumbuka zile alama za X nyekundu kwenye nyumba za kuvunjwa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015? Nyumba ikivunjwa kwa amri ya serikali, usitegemee bima ikulipe. Kwa maoni yangu hiyo bei nafuu ndiyo taarifa yenyewe, na muuzaji anaijua kuliko wewe. Usiinunue.

Ukipata nyingine mbali na mto, bado usiende na dalali saa nne asubuhi mwezi wa tisa. Nenda masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Angalia karavati lililo upande wa juu wa nyumba limeziba au linapitisha maji. Angalia kama kuta zimepakwa rangi mpya kuishia kiunoni tu, na sogeza kabati uone nyuma yake. Bodaboda wa kijiweni watakwambia barabara gani inafungwa mvua zikianza, na mama mwenye genge aliyekaa hapo miaka 10 atakuonesha kwa mkono wake maji ya 2018 yalifika wapi.

Mimi niliinua kizingiti kwa matofali mawili, fundi bomba akanifungia valvu ya kuzuia maji taka yasirudi, na vyeti sasa vinakaa juu ya kabati. Masika ya 2024 maji yaliishia uani. Bima bado naikata kila mwaka, na kabla ya kulipa namwita fundi anikadirie upya gharama ya kujenga, maana saruji na nondo havisubiri mkataba wako.