Kadi ya Monopoly inaficha kilicho kitamu

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama Monopoly, mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kuwatoza kodi wanaoviangukia, imefaidika au imeharibika baada ya noti za karatasi kupisha kadi na mashine. Mimi naona imeharibika, ingawa sababu yangu si ile ya wanaolilia mambo ya zamani. Mashine inahesabu vizuri sana. Tatizo ni kwamba inahesabu peke yake, na wachezaji hawaoni tena mwenzao amebakiwa na nini.

Kwa ambaye hajaliona toleo lenyewe: mwaka 2006 Hasbro, kampuni inayotengeneza mchezo huu, walitoa Uingereza Monopoly isiyo na noti hata moja. Kila mchezaji alipewa kadi yenye nembo ya Visa, na pembeni ya ubao kikawekwa kimashine kinachofanana na kikokotoo. Unaingiza kadi, unabonyeza kiasi, mmoja anapungukiwa na mwingine anaongezewa. Mchezaji aliyezoea kuanza na 1,500 na kulipwa 200 kila akipita kituo cha kuanzia, sasa alianza na milioni 15 na kulipwa milioni 2. Ni hesabu ileile iliyozidishwa mara 10,000. Utajiri umekuwa wa kutamka tu. Mwaka 2016 likaja toleo ambalo hata hati za viwanja zinasomwa na mashine, na mashine ndiyo inayojua kodi imepanda au imeshuka. Mwaka 2019 ikatokea kofia inayosikiliza sauti: unaiambia unanunua, nayo inashika daftari.

Niseme kwanza yaliyo mazuri, maana yapo. Mshika benki hawezi tena kujichotea noti ya 500 wenzake wakiwa wanagombania dadu (kila ukoo una mtu wake wa aina hiyo, na kila mtu anamjua). Hakuna kusaka chenji. Na lipo jambo ambalo wengi hawalitaji: katika nyumba nyingi faini na kodi za serikali hurundikwa katikati ya ubao, kisha anayeangukia nafasi ya ubao iitwayo maegesho ya bure anazoa zote. Sheria rasmi haisemi hivyo kabisa; fedha hizo ni za benki. Desturi hiyo inawamwagia wachezaji pesa zisizo na jasho, waliokuwa wafilisike wanafufuka, na mchezo unakesha. Mashine haina katikati ya ubao. Faini inaingia benki na habari inaishia hapo. Kwa hili peke yake, wanaolalamika kwamba Monopoly haiishi wanastahili kuishukuru.

Lakini angalia kinachotokea wakati wa kupatana bei, na mchezo huu bila kupatana ni kurusha dadu tu. Mitaa ya rangi ya chungwa iko mitatu. Mimi ninayo miwili, wewe unao wa tatu, na bila kuwa na yote mitatu hakuna anayeweza kujenga, mpaka mmoja akubali kuuza. Kwa noti, natazama kilichopangwa mbele yako: zimebaki za 10 na za 20, moja ya 100, na hatua chache mbele yako kuna nyumba zangu. Najua umebanwa. Nawe unajua kwamba najua, kwa hiyo unajikausha, unajifanya mtaa huo unaupenda mno kuuachia. Maneno yote yanayofuata, ubishi, vitisho vya mzaha, ahadi, chanzo chake ni vile vikaratasi vya rangi vilivyo wazi kwa kila mtu. Kwa kadi, mbele yako kuna kipande cha plastiki kinachofanana na changu, kiwe na milioni 20 au laki moja. Nitapatana na nani?

Mnada nao ni vivyo hivyo. Sheria inasema mchezaji akikataa kununua kiwanja alichoangukia, kinapigwa mnada palepale, na yeyote anaweza kutaja bei. Anayejua mpinzani wake ana kiasi gani anaweza kumpandisha hadi ukingoni kisha akamwachia mzigo. Hiyo ni akili, na akili hiyo inahitaji macho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limefungwa.

Halafu kuna uchungu wa kulipa. Mwaka 2001 watafiti wawili wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei iliyozidi maradufu, kwa wastani, ya walioambiwa watalipa taslimu. Najua pesa za Monopoly ni za bandia, nisibebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Ila anayeangukia hoteli ya Boardwalk, mtaa ghali kuliko yote katika toleo la Marekani, anadaiwa 2,000. Kuhesabu noti nne za 500 mkononi mwa jirani anayetabasamu ni adhabu kamili. Kubonyeza kitufe hakuumi, na hakumpi jirani raha yake.

Uchungu huo haukuja kwa bahati mbaya. Elizabeth Magie, Mmarekani aliyepata mwaka 1904 hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mchezo uliozaa Monopoly, alikuwa mfuasi wa mawazo ya mwanauchumi Henry George kuhusu kodi ya ardhi, na alitaka watu waone jinsi kodi ya pango inavyomnenepesha mwenye ardhi na kumkausha mpangaji. Kampuni ya michezo ya Parker Brothers walipoanza kuuza Monopoly mwaka 1935 walinunua hataza yake kwa dola 500, na somo likageuka burudani. Hata hivyo somo lilibaki limejificha ndani ya noti: rundo moja linapanda, mengine yanashuka, na mtoto wa miaka 8 analiona bila kuelezwa. Kwenye mashine ni tarakimu zinazowaka na kuzimika.

Wapo watakaosema pesa za duniani zimeshahamia kwenye kadi na simu, basi mchezo ufuate. Lini Monopoly iliwahi kufuata dunia? Sheria zake zinasema benki haifilisiki kamwe. Noti zikiisha, mshika benki aandike nyingine kwenye karatasi yoyote iliyopo.

Kama ni lazima mashine iwepo, watengenezaji waipe kioo kinachoonyesha salio la kila mchezaji kwa wakati mmoja, kikiwa kimeelekea mezani. Hakuna ugumu wowote wa kiufundi hapo. Na wenye toleo la kadi tayari wanaweza kukubaliana hivi kabla ya kurusha dadu: yeyote anayetaka kuuza, kununua kwa mwenzake au kuingia mnadani, kwanza aingize kadi yake na salio lisomwe kwa sauti. Akikataa, asubiri zamu ijayo.