Jibu: Soave yangu haina ladha, kama maji tu

Salaam mkuu. Umesema Soave, ile divai nyeupe ya Italia, uliyoinywa na samaki wa mchuzi wa nyanya ilikuwa kama maji. Nakaa Verona, karibu na vilima inakotoka, na mimi yalinikuta.

Kwanza angalia baridi. Ikitoka tu kwenye friji, harufu yote imelala; iache mezani dakika 15, ifike nyuzi 10 hivi. Pili, huo mchuzi. Nyanya zilizokolea na pilipili huimeza divai nyepesi. Jaribu samaki wa kuchoma, kamba wa kitunguu saumu, au risotto (wali laini wa Kiitaliano) ya mboga. Mwishoni utasikia kauchungu ka lozi: ni zabibu ya Garganega hiyo, divai haijaharibika.

Ukinunua tena, tafuta neno Classico kwenye lebo, yaani imetoka kwenye vilima vya asili vya Soave. Iliyoandikwa Recioto iache, ile ni Soave tamu.