Refleksi ya kigimbi kupungua mtu akitembea

Unauliza kama kifaa chako cha kupimia kina hitilafu, maana refleksi ya H ya kigimbi (mkazo wa msuli unaopitia uti wa mgongo, neva ya mguu ikichochewa kwa umeme) ni kubwa mtu akisimama, kisha hunywea akitembea. Kifaa ni kizima. Watafiti Capaday na Stein walilionyesha hilo mwaka 1986, hata msuli ukiwa umekaza kwa kiwango kilekile. Inaelezwa kuwa uti wa mgongo hubana taarifa za neva kabla hazijafika kwenye seli zinazoamuru msuli. Tena refleksi hubadilika ndani ya hatua moja. Unyayo ukikanyaga refleksi hupanda. Mguu ukiwa hewani karibu hutoweka, na ni afadhali, la sivyo vidole vingekwaruza chini. Wewe linda wimbi la M (jibu la msuli lisilopitia uti wa mgongo, linaloonyesha kama kichocheo ni kilekile) lisibadilike, kwani elektrodi za kuchochea neva husogea mtu akitembea, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Na kwa kuwa refleksi hupanda na kushuka hivyo, usichukue wastani wa hatua nzima.