Jina la zamani huvuta, ila halitoshi

Ndugu, umeuliza kama kufufua rejimenti ya zamani ya jeshi la akiba (askari wa muda, wenye kazi au masomo yao) kunaongeza vijana wanaojiunga. Tazama Halifax Rifles ya Kanada: iliundwa 1860, ikawekwa kando 1965, ikarudishwa 2009 na kupewa kazi ya upelelezi. Kwa familia ambayo babu alivaa beji ile, ni jambo zito, na mjukuu anaweza kuvutika kweli. Lakini mji wa Halifax tayari ulikuwa na Princess Louise Fusiliers, kikosi cha akiba cha askari wa miguu, na kikosi cha mizinga, wote wakimgombea kijana yuleyule: mwanafunzi au mfanyakazi anayeweza kutoa jioni moja kwa wiki na wikiendi kadhaa. Rejimenti mpya haiongezi vijana mjini.

Wengi wanaotaka kujiunga hupotelea kwenye foleni ya usajili. Fomu, vipimo vya afya, uchunguzi wa usalama, miezi inakatika, kijana anapata kazi nyingine na simu hapokei tena. Mwaka 2016 Mkaguzi Mkuu wa Kanada aliripoti kwamba askari wa akiba wa nchi kavu walikuwa wakipungua. Fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na makarani na madaktari wa vipimo, beji baadaye.